Wa kwanza kufika ukumbini, wa mwisho kwenye hesabu

*Soko la wapiga dramu na ngoma lipo, kuanzia kumbi za Kinondoni hadi hoteli za Zanzibar na madhabahu za makanisa. Kinachokosekana ni maandishi yanayomtambua mpigaji.*

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi alasiri ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa wazi pale Kinondoni, wahudumu wanapanga viti na fundi mitambo anakunjua nyaya. Mwanamuziki pekee aliyekwishafika ni mpiga dramu. Ameshuka kwenye bajaji na mfuko wa matoazi begani, sneya kwapani na kanyagio la besi ndani ya begi la mgongoni. Vyombo vya ukumbi vimechoka, na ngozi zake zimetoboka kwa mikono ya waliomtangulia.

Atafunga stendi, atakaza ngozi, atagonga ngoma moja moja hadi fundi mitambo aridhike. Waimbaji watafika saa mbili usiku. Onyesho litaanza saa tatu na kwenda hadi saa nane, na katika saa hizo tano yeye ndiye asiyepumzika. Waimbaji hupokezana. Mpuliza tarumbeta hukaa pembeni akisubiri zamu yake. Mpiga solo anaweza kuacha ridhimu iendelee akanywa maji. Dramu ikinyamaza, watu wanarudi vitini.

Muziki ukiisha, wenzake wanaondoka, naye anabaki kufungua alichokifunga. Saa moja asubuhi ya Jumapili anatakiwa kanisani, ibada ya kwanza, akiipigia kwaya.

Hivi ndivyo wiki ya wapiga dramu wengi wa Dar es Salaam inavyokwisha, na wapo wanaoishi hivyo kwa miaka 20. Wamesomesha watoto kwa vijiti viwili. Kwa hiyo swali kama upigaji unaweza kuwa kazi ya maisha limekwishajibiwa na wanaoifanya. Lililobaki ni kwa nini kazi inayobeba onyesho zima ndiyo yenye kinga ndogo kuliko zote jukwaani.

Kazi ipo, ajira haipo

Wanamuziki wana jina la maisha haya: deiwaka. Leo unaipigia bendi ambayo mpigaji wake anaumwa, kesho kuna harusi Mbezi, keshokutwa mwimbaji wa Injili anarekodi na anataka dramu za mkono. Simu ikiita unakwenda. Isipoita unakaa.

Anayejua kazi yake hakosi pa kupiga jijini. Bendi za dansi bado zinavuta watu, kumbi za shughuli zinazidi kujengwa, hoteli zinataka muziki laini wakati wa chakula cha jioni, na makanisa ya kilokole yamekuwa shule na kiwanja cha mazoezi cha kizazi kizima cha wapigaji vijana. Wengine wamevuka bahari na kupiga kwenye hoteli za Dubai na Muscat kwa mikataba ya miezi, wakipiga kopi za nyimbo za watu kila usiku. Wengi wao husema kule ndiko walikoshika mkataba ulioandikwa kwa mara ya kwanza.

Nyumbani, karibu kazi zote hulipwa kwa onyesho, mkono kwa mkono. Mazoezi hayalipwi. Nauli ya kubeba vyombo hutoka mfukoni mwa mpigaji. Onyesho likivunjwa na mvua, posho nayo imekwenda na mvua, hata kama mpigaji amekuwa ukumbini tangu alasiri. Kanisani mambo ni mazito zaidi kwa sababu huduma ni sadaka, na kijana anayedai nauli anaweza kuonekana amepungukiwa imani. Kuna makanisa yanayowalipa wapigaji wao kwa mwezi bila kelele. Yapo pia yanayonunua mitambo ya mamilioni na kumwacha anayeitumia arudi nyumbani kwa miguu.

Wenye bendi wana hoja yao, na ni ya kweli. Kiongozi wa bendi ya watu 12 anagharimia mitambo, usafiri, mafuta ya jenereta na matangazo kabla hajamfikia mwanamuziki hata mmoja. Watu wakija wachache, anagawa hasara. Ukimtaka amwandikie kila mmoja mkataba wa mwezi, atakuambia bendi itakufa ndani ya msimu mmoja. Na anapogawa kidogo alichopata huanza na wale ambao watu wamewafuata, yaani mwimbaji, kisha mpiga solo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na katika uwambaji huu mpigaji ndiye aliyeshika kamba fupi.

> Dramu ikinyamaza, watu wanarudi vitini. Lakini posho inapogawiwa, kuhesabu kunaanza na mwimbaji.

Enzi ya mshahara

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki waliingizwa kwenye orodha ya waajiriwa na kupata mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: JUWATA Jazz, OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma tunayoijua leo. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa nayo, Umoja wa Vijana walikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa nayo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana wengi bado wanaiita DDC.

Tazama majina waliyoyachagua. Msondo, na Sikinde ya Mlimani Park, zilikuwa ngoma za jadi kabla ya kuwa mitindo ya bendi. Kila bendi ilitafuta mdundo wa kwao, ikauhamishia kwenye tumba na dramu, magitaa yakajengwa juu yake. Habibu Jeff kwenye dramu na Ally Jamwaka kwenye tumba waliibeba Sikinde katika miaka yake ya utukufu. Mashabiki wanaoweza kukutajia waimbaji na wapiga magitaa wa bendi hiyo mmoja mmoja ni wengi. Wanaoyataja majina hayo mawili ni wachache mno, nami naona huo ni upungufu wetu sisi tunaoandika habari za muziki.

Serikali nayo iliajiri. Miaka ya mwanzo ya Uhuru liliundwa Kundi la Ngoma la Taifa, likakusanya wapigaji na wachezaji kutoka mikoani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981, baadhi ya wasanii wa kundi hilo wakawa walimu. Chuo hicho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Kisha yupo Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona kutoka Ruvuma, aliyekaa katikati ya ngoma nyingi na kuzipiga zote peke yake. Mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na TBC Taifa ikaurithi. Mwaka 1970 alipiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Watanzania wa rika zote wanaujua mdundo huo kabla mtangazaji hajafungua kinywa, na sidhani kama kuna rekodi ya mpigaji mwingine wa nchi hii iliyosikika mara nyingi zaidi.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake. Mwanamuziki hakuwa na vyombo vyake, kwa hiyo akigombana na mwajiri aliondoka mikono mitupu. Nyimbo zilirekodiwa redioni na kubaki redioni. Hata hivyo mpiga tumba alikuwa mfanyakazi kama karani, akiwa na tarehe ya mshahara anayoijua. Mashirika ya umma yalipobanwa katika miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zikafa na nyingine zikaambiwa zijitegemee. Mshahara ukakatika, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Kompyuta haiombi nauli

Wakati bendi zinajitegemea kwa shida, studio zilikuwa zinafunguliwa. Bongo Fleva ilikuzwa na watayarishaji wanaotengeneza mdundo kwenye kompyuta. Singeli, iliyozaliwa Manzese, Tandale na mitaa jirani, imekwenda mbali zaidi. Mwendo wake mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika, na hakuna mkono unaoweza kuuhimili usiku kucha.

Sioni sababu ya kuwalaumu watayarishaji. Kurekodi dramu halisi kunataka chumba kilichozibwa vizuri, maikrofoni saba au nane, fundi anayejua kuzipanga, na karibu siku nzima. Kijana mwenye bajeti ya wimbo mmoja hana hizo. Na singeli si adui wa ngoma, kwani ndani yake mna mchiriku na vigodoro, na ndani ya hivyo mna ngoma za pwani ambazo bibi zetu walizicheza. Mkono umeondoka, mdundo umebaki.

Ila mlango haujafungwa wote. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, limeshikilia msimamo kwamba kila anayepanda jukwaani apige mubashara. Msanii aliyezoea kuimba juu ya CD anapoalikwa kwenye tamasha la namna hiyo hana budi kutafuta bendi, na mtu wa kwanza kumtafuta ni mpiga dramu. Anayepata simu hiyo ni yule anayeweza kusikia wimbo wa kompyuta, kuupiga kwa mkono bila kupoteza ladha yake, na kufuata metronomu inayolia sikioni kwa saa nzima bila kuteleza. Wapigaji wanaochukulia kompyuta kama mwenzao, wanaofunga pedi za umeme kando ya sneya na kujua kuzitumia, ndio ninaowaona wakifanya kazi mfululizo.

Mdundo hauna mwenyewe

Tuingie kwenye jambo linaloniuma kuliko mengine, nami naomba msomaji anivumilie tuzunguke dunia kidogo.

Mwaka 1969 bendi ya Marekani iitwayo The Winstons ilirekodi wimbo wa ala, "Amen, Brother". Katikati yake bendi inanyamaza na mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde sita hivi. Sekunde hizo zilikuja kukatwa na kupandikizwa kwenye maelfu ya nyimbo za hip hop na muziki wa dansi wa Uingereza. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, bila kulipwa mrabaha wa sekunde zile. Clyde Stubblefield, aliyepiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown, naye hakuwa na haki kwenye mdundo ulionakiliwa na wasanii wengi wa hip hop, kwa kuwa hakuandikwa kama mtunzi. Tony Allen, ambaye bila dramu zake Afrobeat isingekuwa hii tunayoijua, aliachana na Fela Kuti mwaka 1979, na malipo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Sasa turudi jirani. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa, na sahani ikatolewa Ufaransa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ulaya aliichukua rekodi hiyo, akaweka piano na gitaa juu yake, akaiita "Burundi Black" na kuiandika kwa jina lake. Ikauzwa na kuingia kwenye chati za Uingereza. Miaka kumi baadaye bendi za huko zilikuwa zikivuma kwa kile kilichoitwa mdundo wa Burundi. Mirabaha haikufika Burundi.

Au chukua kavacha. Mdundo huu wa dramu unahusishwa na Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa, na husimuliwa kwamba ulitokana na mlio wa treni. Katika miaka ya 1970 ulivuka kutoka Kinshasa hadi Nairobi na Dar es Salaam, na bendi za Afrika Mashariki zikauchezesha kwa miaka. Ni mdundo mmoja uliozipa nyimbo nyingi miguu. Nyimbo hizo zina watunzi waliosajiliwa, lakini kwa mdundo hakuna sehemu ya kujaza fomu.

Sababu ni namna sheria za hakimiliki zilivyojengwa. Kinacholindwa kama utunzi ni mashairi na melodi, huku mdundo mara nyingi ukihesabiwa kuwa mali ya kila mtu. Katika muziki uliozaliwa kwenye piano jambo hilo linaweza kueleweka. Katika muziki wetu, ambako mdundo hutangulia na maneno hufuata, ni kumnyang'anya mtunzi wa kwanza.

> Katika muziki ambako mdundo hutangulia na maneno hufuata, kumwacha mpigaji nje ya hesabu ni kumnyang'anya mtunzi wa kwanza.

Hata hivyo sheria yetu imeacha dirisha ambalo wapigaji wengi hawajachungulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na katika sehemu ya hakishiriki inamlinda pia mtumbuizaji, yaani yule aliyeimba au kupiga ala kwenye rekodi, hata kama hakutunga kitu. Kenya ilikwenda hatua moja mbele, ambako watumbuizaji walipata chombo chao cha kukusanya mirabaha, PRISK, tofauti na kile cha watunzi. Mpiga dramu wa studio aliweza kujisajili kule kwa kazi aliyoipiga.

Januari 2022 COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya takriban Sh312 milioni kwa wasanii 1,123, kutokana na nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya utangazaji. Ukigawanya sawa kwa sawa ni kama Sh278,000 kwa kila mmoja. Si utajiri, lakini kwa deiwaka ni seti ya ngozi mpya na vijiti vya kutosha. Tabu ni kwamba fedha hufuata jina lililosajiliwa, na wimbo unapopelekwa kusajiliwa huandikwa mwimbaji na mtayarishaji. Aliyepiga dramu amekwishapewa posho yake akaenda zake.

Watayarishaji hujibu kwamba aliuza nguvu kazi, akalipwa, wakamalizana. Nakubali inaweza kuwa hivyo. Mpigaji ana haki ya kuuza kazi yake yote kwa malipo ya mara moja. Ila basi iandikwe hivyo, na bei iwe ya mtu anayeuza haki, si ya mtu aliyepewa nauli. Kumalizana kwa mdomo kunamfaa anayebaki na rekodi peke yake.

Ngoma hotelini

Upande wa ngoma za asili una sura yake. Hoteli za ufukweni Zanzibar na kambi za utalii kaskazini huita vikundi vya ngoma kutumbuiza wageni, na malipo hutolewa kwa kikundi kizima kupitia kiongozi. Anayepiga chapuo hajui hoteli imelipa kiasi gani. Anajua alichopewa.

Waliojijenga zaidi ni wale ambao hawakutegemea kupiga pekee. Wanachonga na kuwamba ngoma wenyewe, wanafundisha wageni na watoto wa shule, wanatengeneza ngoma zilizopasuka za vikundi vingine. Bagamoyo utawakuta wa namna hiyo, na kwangu hao ndio walioielewa kazi yao vizuri kuliko wote. Onyesho ni sehemu moja tu ya mapato yao, na likikosekana nyumba haitikisiki. Kenya ilichagua njia ya zamani ya mshahara: Bomas of Kenya, Nairobi, ni taasisi ya serikali inayoajiri wachezaji na wapigaji. Uganda kuna Ndere Troupe ya Kampala, iliyojenga ukumbi wake yenyewe na kwa hiyo haisubiri simu ya hoteli.

Burundi, serikali ilishika ngoma kwa mikono miwili. Ngoma ya kifalme ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alisaini amri iliyotaka vikundi vijisajili wizarani, viombe kibali, na vilipe faranga za Burundi 500,000 kwa kila onyesho nje ya sherehe rasmi. Waliotetea amri hiyo walisema ngoma tukufu ilikuwa inachuuzwa kwenye harusi. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu sote tunaoipenda ngoma tumeiona ikifupishwa kuwa dakika kumi za kupigia picha. Lakini amri ya namna hiyo humlinda mwenye ngoma kwa kumfungia riziki.

Mikono ya wanawake

Amri ile ya Burundi ilikwenda mbali zaidi na kuwakataza wanawake kupiga. Wao wacheze tu, kupiga ngoma wawaachie wanaume.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, ambako ngoma nazo zilikuwa za wanaume, msanii Odile Gakire Katese alianzisha huko Huye kundi la wanawake watupu, Ingoma Nshya, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari. Ndani yake walikaa bega kwa bega wajane na mayatima wa pande mbili. Kundi limepiga nje ya nchi, na wanachama walifungua duka la aiskrimu mjini mwao ili mapato yasitegemee ngoma peke yake.

Sisi Tanzania hatuna kisingizio cha mila. Wagogo wana muheme, ngoma inayopigwa na wanawake, imebanwa kati ya mapaja. Unyago wa pwani haupigiwi na mwanamume. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba taarabu, lakini waliomjua unyagoni wanamkumbuka na msondo wake. Pamoja na urithi huo, ukizunguka kumbi za dansi za Dar es Salaam utahesabu wanawake waliokaa nyuma ya dramu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwanamke jukwaani anatarajiwa aimbe au anengue. Mabinti wanaojifunza dramu wengi wako makanisani, na wanapomaliza shule hakuna bendi inayowafuata.

Shule na majirani

Mahali pa kujifunza papo. TaSUBa inafundisha ngoma pamoja na sanaa nyingine. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kina shahada ya muziki. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002, ambako kijana anaweza kujifunza dumbaki na rika za taarabu kwa walimu waliozipiga maisha yao yote. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, na ikabidi kiombe wasamaria.

Wapiga dramu wengi, hata hivyo, hawakupita huko. Walijifunza kwa kukaa nyuma ya kaka zao kanisani, wakipewa vijiti ibada ikiisha. Wana masikio makali na mikono mepesi. Wengi hawasomi noti, na hilo huwafungia kazi za hoteli kubwa na meli za watalii, ambako karatasi hutangulia mazoezi.

Nyumbani huwezi kufanya mazoezi, kwa kuwa dramu haina sauti ya chini. Majirani wa Sinza au Mwananyamala wana haki ya kulala, na tangu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lianze kufungia baa na kumbi zinazopiga kelele kupita kiasi, hasa mwaka 2023, hata sehemu za mazoezi zimepungua. Mpigaji mwenye bidii hufanya mazoezi kwenye mpira wa tairi au mto wa kulalia. Nchi inayotaka wapigaji wazuri ingeanza kwa kufungua vyumba vya mazoezi kwenye vituo vya utamaduni vya wilaya, saa za mchana, kwa ada ndogo.

Neno moja kuhusu mwili, kwa sababu halisemwi. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa usalama wa masikio kuwa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 muda salama ni robo saa. Seti ya dramu hufika hapo kwa urahisi, na tumeona kwamba onyesho ni saa tano. Vizibo vya masikio havina bei ya kutisha. Mpigaji asiyevivaa akiwa na miaka 25 atavitafuta akiwa na 45, wakati mlio tayari umehamia ndani ya kichwa.

Orodha yenye majina

Mkataba wa deiwaka hauhitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, kiasi na siku ya kulipwa, mazoezi mangapi na posho yake, nani anabeba vyombo, onyesho likivunjika mpigaji anapata nini, na kama linarekodiwa rekodi ni ya nani. Nimezungumza na wapigaji wanaoogopa kutoa karatasi ya namna hiyo, wakihofia kuonekana wakorofi na simu kuhamia kwa mwingine. Hofu yao ina msingi. Anayesimama peke yake hubadilishwa kesho yake asubuhi, kwa hiyo hatua hii inatakiwa ichukuliwe na wengi kwa pamoja au itoke juu.

Juu kuna njia iliyo wazi. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, hutoa vibali vya maonyesho. Liongeze sharti moja: mwombaji aambatishe orodha ya wanamuziki wote watakaopanda jukwaani, ala ya kila mmoja, na saini zao kwamba wanajua malipo yao. Studio nazo zitakiwe kufanya hivyo hivyo wimbo unapopelekwa kusajiliwa COSOTA.

Mapromota watasema ni urasimu mwingine juu ya tozo walizonazo, na kuhusu tozo wana haki ya kulalamika. Kuhusu orodha hawana. Majina 12 kwenye karatasi hayawaongezei gharama ya ukumbi wala ya mitambo, na mpigaji akiwa na nakala yake anapata kitu cha kumwonyesha ofisa wa mirabaha anapodai haki yake, wa benki anapoomba mkopo wa kununua dramu zake mwenyewe, na wa NSSF anapotaka kuanza kujichangia akiba ya uzeeni.